Kwanza Uhai: Saratani na Uzazi katika Kilima cha Mulago

Watu wengi wa Kampala wakisikia jina la Mulago hufikiria hospitali kubwa ya rufaa, msongamano wa langoni, na jamaa waliobeba chakula cha wagonjwa wao. Wachache wanajua kwamba hospitali hiyo ilianza mwaka 1913 kwa ajili ya magonjwa ya zinaa. Nimechagua kuanzia hapo kwa sababu insha hii inahusu uzazi wa wanawake na wasichana wanaotibiwa magonjwa makubwa, hasa saratani, na kwa maoni yangu habari yake hapa Kampala haianzi na saratani. Inaanza na hofu ya serikali ya kikoloni kwamba Waganda hawazai vya kutosha.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi mno kando ya Ziwa Viktoria. Makadirio ya kawaida ni zaidi ya 200,000. Waingereza walihitaji watu wa kulima pamba, kubeba mizigo na kulipa kodi. Mwaka 1907 wakamleta Kanali F. J. Lambkin, daktari wa jeshi, achunguze ugonjwa wa kaswende. Mwaka uliofuata aliandika katika jarida la Lancet kwamba sehemu kubwa sana ya watu wa Buganda walikuwa nao, na akaonya juu ya mustakabali wa taifa zima. Albert Cook, daktari mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, naye alihangaishwa na mimba zilizoharibika na watoto waliokufa wakiwa wachanga. Basi zikafuata kampeni. Watu walikaguliwa, machifu wakasaidia kuwaleta, wakatibiwa kwa zebaki na baadaye kwa dawa zenye aseniki. Kwenye kilima cha Mulago zikajengwa wodi.

Wanahistoria kama Megan Vaughan na Carol Summers wameyachunguza mambo haya kwa makini. Sehemu kubwa ya vidonda vilivyoitwa kaswende huenda vilikuwa buba, au aina ya kaswende isiyoambukizwa kwa zinaa, ambayo watoto huipata kwa kugusana tu. Lakini kosa hilo la kitabibu silo linalonivuta. Kinachonivuta ni swali lenyewe na aliyeliuliza. Serikali iliuliza: je, wanawake hawa watazaa? Machifu waliuliza hivyohivyo, na wamisionari pia. Kila mmoja alikuwa na hesabu yake, ya kodi, ya watu wake au ya waumini. Mwanamke aliyelala kwenye meza ya ukaguzi hakuulizwa anataka nini.

Miaka 44 baadaye, katika kilima hichohicho, swali hilo liliwekwa kando kabisa.

Mwaka 1957 Dakta Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aje amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini. Burkitt alianza kuwaona watoto wengine wa namna hiyo, na mwaka 1958 akachapisha makala ya kwanza kuhusu uvimbe ambao leo dunia nzima huuita limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka nchi nyingi za Afrika kwa gari kuukuu wakiuliza hospitali za njiani kama zimeuona ugonjwa huo. Safari hiyo imesimuliwa sana, sitaisimulia tena. Ninachotaka msomaji akione ni tatizo lililokuwa mbele ya Burkitt pale Mulago. Kukata taya hakukuponya. Uganda haikuwa na mashine ya mionzi. Kilichobaki kilikuwa dawa mpya kutoka Marekani na Ulaya: methotreksati, vinkristini, na hasa saiklofosfamaidi.

Dawa hizo zilifanya kazi kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Uvimbe uliomziba mtoto jicho uliweza kuyeyuka ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa baada ya dozi chache tu. Wakati huo madaktari wengi duniani hawakuamini kwamba saratani inaweza kuponywa kwa dawa. Ndiyo maana mwaka 1967 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilishirikiana na Makerere kufungua Kituo cha Tiba ya Limfoma hapo Mulago, kikiongozwa na John Ziegler. Ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker. Mwaka huohuo, Wamarekani walipokuwa wakiondoka kwa sababu ya utawala wa Idi Amin, Charles Olweny alishika uongozi, Mganda wa kwanza katika kiti hicho.

Sasa tuitazame saiklofosfamaidi. Ni ndugu wa dawa zilizotokana na gesi ya haradali, ile sumu ya vita. Inashambulia chembe za mwili kwa kuharibu maagizo ya urithi yaliyomo ndani yake. Inashambulia saratani, lakini pia nywele, damu, na ovari, yaani vile vifuko viwili vinavyotunza mayai ya mwanamke. Nywele huota tena na damu hujengwa upya. Mayai hayajengwi upya. Mtoto wa kike huzaliwa na akiba yake yote, mayai kati ya milioni moja na milioni mbili. Anapovunja ungo yamebaki kama 300,000 au 400,000, na kwa maisha yake yote yatakayokomaa na kutoka ni kama 400 tu. Dawa inapopita huchoma sehemu ya akiba hiyo. Msichana mdogo ana akiba kubwa, hivyo mara nyingi hedhi yake huja kama ya wenzake, na familia hushukuru Mungu kwamba mambo yamekwisha. Lakini akiba iliyopungua huisha mapema. Mwanamke wa miaka 30 anaweza kukoma hedhi kama bibi wa miaka 50.

Limfoma ya Burkitt ina jambo jingine ambalo sikulijua kabla ya kuanza kusoma. Haikai kwenye taya tu. Huenda tumboni, na kwa wasichana, moja ya mahali inapopenda kukaa ni ovari, mara nyingi zote mbili. Mwaka 1974 Ian Magrath na wenzake waliofanya kazi Kampala walichapisha makala iliyoonyesha kwamba wagonjwa waliotolewa uvimbe mkubwa wa tumboni kwa upasuaji kabla ya dawa waliishi vizuri zaidi. Ni makala ya maana. Lakini fikiria maana yake pale ambapo uvimbe ulikuwa ndiyo ovari zenyewe. Daktari aliyeshika kisu hakuwa na la kuchagua. Alitoa kilichokuwa kikimuua mtoto.

Hata kwa Hodgkin ilikuwa vivyo hivyo. Olweny na wenzake walichapisha mwaka 1978 uzoefu wa miaka kumi wa kutibu watoto wenye ugonjwa huo Uganda. Ulaya watoto kama hao walipigwa mionzi. Hapa mionzi haikuwapo, wakapewa mchanganyiko wa dawa nne uitwao MOPP. Walipona kwa kiwango kilichowashangaza wengi. MOPP pia inajulikana kwa kuharibu uzazi, wa wavulana hasa, na wa wasichana kadiri umri unavyokuwa mkubwa. Katika makala za miaka ile kipimo kikuu kilikuwa kimoja: nani yu hai, na ugonjwa umemrudia nani. Sidhani ni haki kuwalaumu. Katika nchi iliyokuwa ikipoteza madaktari kila mwezi, kumrudisha mtoto kwa mama yake akiwa anatembea kulikuwa muujiza wa kutosha. Na hata kama mtu angeuliza habari za uzazi, angepewa jibu gani? Mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili, Louise Brown wa Uingereza, alizaliwa tarehe 25 Julai 1978, mwaka uleule wa makala ya Olweny.

Hapa nieleze kwa nini mimi, mwanafunzi wa Kiswahili na historia, nimeingia katika mambo ya ovari. Binti wa mjomba wangu aliugua Hodgkin akiwa na miaka 13. Alitibiwa kwa dripu miezi kadhaa, akapona, akamaliza shule, sasa ana miaka 24 na anafanya kazi ya uhasibu. Mwaka jana kijana mmoja alileta habari za kuja kujitambulisha nyumbani, ile sherehe tunayoiita kwanjula. Kwetu Buganda anayemwandaa binti kwa ndoa ni shangazi yake, ssenga, na shangazi wa binamu yangu ni mama yangu mzazi. Siku moja mama aliniita akaniwekea mezani karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne.

“Mwanangu, wewe unasoma Makerere. Dawa hizi zilimfanya nini mtoto wa kaka yangu?”

Nikamwambia mimi sisomi udaktari. Akasema kusoma ni kusoma.

Kwenye karatasi palikuwa na saiklofosfamaidi na prokabazini. Hospitali aliyotibiwa siitaji. Mjomba anasema hakuna aliyewaeleza lolote kuhusu uzazi, si kabla ya dripu wala baada yake. Nilipomuuliza kama angependa kuelezwa, alinyamaza kwanza. Kisha akasema: “Wangeniambia siku ile, ningejibu nini? Ningesema mponyeni kwanza.” Binamu yangu alikuwa amekaa palepale. Akamjibu baba yake kwa upole, “Lakini, baba, ningejua. Miaka hii yote ningekuwa najua.”

Maneno yake yalinirudisha kwenye kamusi. Katika Kiganda mtu asiyezaa huitwa omugumba, na Kiswahili nacho kina mgumba, neno lilelile, pamoja na tasa. Maneno ya kumhukumu mwanamke tunayo tangu zamani, lugha zetu zimerithiana. Neno la kuhifadhi uzazi kabla haujapotea hatuna. Inabidi tuliseme kwa maelezo marefu, kama ninavyofanya hapa. Mama yangu, ambaye ameandaa mabinti wengi, alisema hata yeye katika mafunzo ya ssenga hakuwahi kufundishwa la kumwambia binti aliyepita kwenye dripu.

Binamu yangu alikwenda kupima damu, kipimo cha homoni inayoonyesha akiba ya mayai imebaki kiasi gani. Iko chini kuliko ya wasichana wa rika lake, lakini ipo. Daktari alimweleza kwamba kipimo hicho hakitabiri kama atashika mimba. Kinamwambia tu kwamba asiweke mambo ya miaka kumi ijayo. Alimweleza kijana wake mwenyewe, kabla ya wazee kukaa. Mengine ni yao.

Tangu hapo nilitaka kujua kama yote haya yangeweza kuwa tofauti, na hapo ndipo historia ya barafu inapoingia. Mwaka 1949 watafiti watatu wa London, Chris Polge, Audrey Smith na Alan Parkes, waligundua kwamba mbegu za jogoo zikichanganywa na gliserini zinaweza kugandishwa na kuamka tena. Inasemwa kwamba ugunduzi huo ulisaidiwa na chupa iliyobandikwa lebo isiyo yake. Wa kwanza kufaidika hawakuwa binadamu bali ng’ombe. Mbegu za dume mmoja mzuri ziliweza sasa kusafiri nchi nzima ndani ya mtungi wa naitrojeni ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Uganda tunaifahamu teknolojia hii vizuri kuliko tunavyodhani. Kituo cha taifa cha rasilimali za kijenetiki za mifugo kipo Entebbe, na mfugaji wa Mbarara au Kiruhura akimuona mtu wa pikipiki amefunga mtungi nyuma, anajua mara moja kwamba ni mbegu za Friesian.

Yai la mwanamke ni gumu zaidi kugandisha. Ni chembe kubwa iliyojaa maji, na maji yakiganda huwa vipande vyenye ncha vinavyoitoboa kutoka ndani. Mimba ya kwanza kutokana na kiinitete kilichogandishwa ilipatikana Australia mwaka 1983, na mwaka 1986 huko Adelaide zikatangazwa mimba za kwanza kutokana na mayai yaliyogandishwa. Hata hivyo kazi hiyo ilihesabiwa kuwa majaribio mpaka mwaka 2012, chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilipoiondolea jina hilo.

Njia zote mbili zinamtaka mwanamke aliyekomaa, anayeweza kuchomwa sindano kwa karibu wiki mbili ili mayai yaive na kuvunwa. Mtoto wa miaka minane hawezi. Kwake ilibidi pabuniwe kitu kingine: kukata kipande cha ovari chenyewe, kukigandisha, na kumrudishia akiwa mtu mzima. Jacques Donnez wa Ubelgiji alimgandishia kipande kama hicho mwanamke mwenye Hodgkin mwaka 1997, akamrudishia baadaye, na mwaka 2004 mwanamke huyo akajifungua, wa kwanza duniani. Mwaka huohuo wa 2004, hapa Bukoto, kilomita chache tu kutoka Mulago, alizaliwa mtoto wa kwanza wa Uganda aliyetungwa nje ya mwili, katika hospitali ya wanawake ya Dakta Edward Tamale Sali. Nilipoziona tarehe hizo mbili pamoja nilizirudia mara mbili. Kampala haikuwa nyuma sana kama tunavyopenda kujisikitikia. Lakini wateja wa Bukoto walikuwa wanandoa waliokuwa na pesa na walioshindwa kupata mtoto. Wagonjwa wa saratani walikuwa kilima kingine, kwenye foleni nyingine.

Kuna msichana mmoja ambaye habari zake zinapaswa kujulikana zaidi katika sehemu zetu. Alizaliwa Kongo, akiwa na selimundu, ugonjwa unaojaza kliniki zetu pia. Alihamia Ubelgiji akiwa mtoto. Ilipoamuliwa apandikizwe uboho, dawa za kumwandaa zilikuwa kali kiasi cha kuua ovari zake. Hivyo, kabla hajafikisha miaka 14 na kabla hajaona hedhi, madaktari wa Brussels walitoa ovari moja, wakaigandisha vipandevipande. Zaidi ya miaka kumi baadaye walimrudishia baadhi ya vipande, na mwaka 2014 akajifungua mtoto wa kiume akiwa na miaka 27. Mwaka 2016 mwanamke wa Dubai aliyetolewa ovari huko Leeds akiwa na miaka tisa, kwa sababu ya ugonjwa wa damu uitwao thalasemia, naye akajifungua London. Hawa wawili walikuwa watoto tu walipowekewa akiba. Mtu mzima fulani aliuliza mapema.

Je, Kampala ya leo inaweza kufanya hivyo? Kwa limfoma ya Burkitt naogopa jibu ni gumu, na si kwa sababu ya umaskini peke yake. Uvimbe huo ni kati ya uvimbe unaokua kwa kasi kuliko wote wa binadamu. Unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Daktari hawezi kungoja. Na kwa kuwa ugonjwa wenyewe hupenda ovari, kipande kilichogandishwa kinaweza kuwa na saratani ndani yake, na kumrudishia msichana kipande hicho ni kumrudishia ugonjwa. Faraja iliyopo ni kwamba wengi wa watoto hawa ni wadogo sana, kati ya miaka minne na saba, umri ambao akiba ya mayai bado ni nene.

Kwa wengine nafasi ni kubwa zaidi. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayowapata wanawake wa Uganda kuliko saratani nyingine yoyote, na wengi wao hufika wakihitaji mionzi. Mashine ya kwanza ya mionzi ya Mulago, ya kobalti, ilikuja mwaka 1995. Ilipoharibika mwaka 2016 nchi nzima ilibaki bila mionzi, wagonjwa wenye uwezo wakapelekwa Nairobi, mpaka mashine mpya ilipoanza kazi mwishoni mwa mwaka 2017. Wakati ule wa kuharibika magazeti yaliandika, bunge likapiga kelele, na ilikuwa haki. Kelele zilikuwa za kuirudisha mashine. Kuhusu kile ambacho mashine inayofanya kazi humfanyia mwanamke wa miaka 30, sikuona watu wakizungumza. Dozi ndogo ya kama grei 2 inatosha kuua nusu ya mayai machanga, na tiba ya shingo ya kizazi hufika 45 au zaidi. Lakini daktari wa upasuaji anaweza kuzihamisha ovari na kuzishona juu zaidi tumboni, mbali na njia ya mionzi. Mji wa mimba wenyewe hautapona mionzi hiyo, kwa hiyo mwanamke hatabeba mimba, ila ataendelea kuwa na homoni zake badala ya kuzeeka ghafla, na mayai yake yatakuwa hai. Kwa mwenye saratani nyingine ya nyonga, isiyoulenga mji wa mimba, faida huweza kuwa kubwa zaidi. Kazi hiyo haihitaji naitrojeni.

Ipo pia sindano ya kila mwezi inayolaza ovari wakati wa dripu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu wanawake wenye saratani ya matiti ulionyesha kwamba waliochomwa sindano hiyo walikoma hedhi kwa uchache zaidi, na waliopata mimba baadaye walikuwa wengi zaidi. Si kinga kamili, na haichukui nafasi ya kugandisha. Hata hivyo ni dawa ambayo wauguzi wa wodi za saratani wanaijua tayari, kwa kuwa hutumika kutibu saratani zenyewe.

Kugandisha mayai kunawezekana katika vituo vya binafsi vya jijini, kwa mamilioni ya shilingi, na kwa mgonjwa ambaye tayari ameuza ng’ombe kwa ajili ya vipimo hilo ni sawa na kuambiwa hakuna. Mwaka 2018 hospitali maalumu ya wanawake na watoto wachanga ilifunguliwa Mulago, yenye vitanda 450, na huduma za utasa zilikuwa sehemu ya mpango wake. Naiona kama jambo kubwa, kwa sababu kwa mara ya kwanza watu wa mayai na watu wa saratani wako kwenye kilima kimoja, umbali wa kutembea kwa miguu. Nao Muswada wa Teknolojia ya Kusaidia Uzazi wa mwaka 2023, uliopelekwa bungeni na Sarah Opendi, mbunge mwanamke wa Tororo, unagusa uhifadhi wa mayai na mbegu. Magazetini mjadala ulivutwa zaidi na suala la kumbebea mtu mimba. Swali langu mimi ni la mtungi. Ovari ya yule mtoto wa Leeds ilingoja zaidi ya miaka kumi. Mtungi ambao ungewekwa Mulago mwaka 1967 ungelazimika kujazwa naitrojeni mwaka 1972, mwaka 1979 Kampala ilipotekwa, na tena mwaka 1986. Taasisi ya Saratani yenyewe ilipita miaka hiyo yote bila kufunga milango, ikiwa na wafanyakazi wachache na dawa za kubahatisha, kwa hiyo sisemi kwamba haiwezekani. Nasema anayeandika sheria ya mtungi aandike pia nani ataujaza.

Msichana aliyetibiwa limfoma mwaka 1967 akiwa na miaka sita alizaliwa mwaka 1961. Leo, kama yu hai, amevuka miaka 60, na kama alijaliwa watoto, huenda sasa ana wajukuu. Nilipomwambia mama hesabu hiyo aliacha alichokuwa akimenya. Akasema wanawake hao ndio angependa kukaa nao mkekani, awaulize mmoja mmoja, ili apate la kuwaambia mabinti wanaofuata.